Mifuko Mitatu Kabla ya Saa Sita

Katika ukoo wetu mimi ndiye mwenyekiti. Kukiwa na arusi, naitwa. Kukiwa na mazishi, naitwa mapema zaidi. Upepo wa ziwa ukipeperusha paa la jiko la shangazi, kabla ya mtu yeyote kutafuta misumari lazima kwanza kamati iundwe, na kamati ikiundwa macho yote hunigeukia. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kisumu, sauti ninayo, taratibu za mikutano nazijua, na nina namna ya kusema "tuheshimu muda" ambayo haimkasirishi mtu. Ni cheo kizuri. Mwenyekiti habebi viti, hachimbi, hapiki. Yeye huratibu, kisha siku yenyewe ikifika hupewa nafasi ya kuwashukuru waliobeba, waliochimba na waliopika.

Nasema haya mapema ili usije ukadhani kwamba katika habari hii nilikuwa shujaa. Isitoshe, naogopa sindano. Nikiwa darasa la tatu, watu wa chanjo walipoingia shuleni kwetu upande wa Kombewa, nilitoka kupitia dirishani nikajificha kwenye shamba la mihogo mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Nimekuwa mtu mzima, nimeoa, nimelea watoto, mvi zimeniota, na bado nikiugua malaria namwomba daktari vidonge kwa unyenyekevu mkubwa. Mke wangu alilijua jambo hili na akalihifadhi vizuri. Ukoo haukulijua.

Dada yangu anayenifuata ni fundi wa cherehani pale Mamboleo, karibu na njia panda. Hushona sare za shule, na ni fundi hasa. Kola zake hazijikunji hata mtoto akizitafuna. Ila ana mdomo. Alikuwa amekosana na muuza mitumba wa jirani kwa sababu ya kibanda kilichosogezwa hatua moja. Alikuwa amekosana na waosha magari kwa sababu ya matope, na mwenye duka la simu kwa sababu ya muziki. Ukimpelekea suruali ya kupunguza, utapunguzwa wewe kwanza. Tangu utotoni tumekuwa tukibishana kila siku ya Mungu, na sijui mtu mwingine duniani ambaye ningetaka kubishana naye muda mrefu hivyo.

Mwaka juzi, mvua ndefu zilipoanza, aliacha kubisha. Nilidhani amekua. Kumbe alikuwa akitokwa na damu ya mwezi isiyokwisha, kwa miezi mitano mfululizo, na alikuwa amewaficha wote isipokuwa rafiki zake wawili wa kanisani. Sisi wanaume hatukuambiwa, na nikisema kweli, hatukuuliza. Siku moja aliinamia cherehani kukata uzi na hakuinuka. Muuza mitumba, yule yule wa kibanda, ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari.

Katika hospitali moja hapa mjini walimkuta na uvimbe kwenye mji wa mimba, mkubwa, na damu iliyobaki mwilini ilikuwa kidogo mno. Daktari, mama mpole mwenye miwani, alinieleza mambo kwa ufupi. Uvimbe lazima utolewe, na upesi. Nafasi ya upasuaji ilikuwepo Alhamisi alasiri. Lakini hawezi kumgusa mgonjwa huyu bila mifuko mitatu ya damu kando yake, na friji ya damu ilikuwa karibu tupu. Ilikuwemo mifuko mitatu ya kundi lake, mitatu tu, na utaratibu wa pale ulikuwa kwamba anayechukua arudishe. Tulete watu watatu watoe damu, ya kundi lolote, kabla ya saa sita mchana siku hiyo ya Alhamisi. Tusipoleta, nafasi itapewa mgonjwa mwingine aliye tayari, na yetu itakuja baada ya majuma matatu. Nilimtazama dada yangu kupitia mlango. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu, na alikuwa akipumzika baada ya kazi ya kukaa kitandani. Nikajua kwamba majuma matatu hana.

Ilikuwa Jumatatu. Nikafanya ninachokijua: nikaunda kamati.

Kufikia jioni kundi lilikuwa limefunguliwa kwenye simu, likaitwa Kamati ya Damu, na watu zaidi ya sitini walikuwa ndani. Shangazi mmoja alilalamika kwamba jina hilo linanuka matanga, tukapoteza saa nzima tukitafuta jina jingine na mwisho tukarudi kwa lile lile. Binamu mmoja wa Nairobi aliuliza rangi ya fulana ni ipi. Sikumlaumu sana. Sisi watu wa huku tumezoea kukusanyika kwa ajili ya mtu akishakufa. Hapo tunajua kila hatua, nani analeta hema na nani anasoma wasifu. Mtu akiwa bado hai na anahitaji kitu kimoja tu kilichomo ndani ya mishipa yetu, tunababaika.

Ahadi zilikuja nyingi na alama za mikono ya kuomba zikatumwa kwa mamia. Watu wenyewe hawakuja. Mmoja alikuwa amesikia kwamba damu ikishatoka hairudi tena, unabaki na pengo humo ndani mpaka kufa. Mwingine alitaka kujua kwanza kama majibu ya vipimo huonyeshwa mke. Mjomba wetu wa Milimani, mwenye uwanja unaoweza kuchezewa kandanda, alisema presha yake haimruhusu, lakini angemtuma mlinzi wake wa getini. Hapo nilisahau kiti. Nilimwandikia mbele ya kundi zima kwamba mlinzi wake si ng'ombe wa kukamuliwa kwa niaba yake. Mjomba akajiondoa kwenye kundi, binamu akamrudisha, na Jumanne ikaisha hivyo.

Katika hekaheka hizo zote hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza kama mimi nitatoa. Ndiyo raha ya kiti. Nilikuwa nikipiga simu, nikiandika majina, nikiwaambia watu kwa sauti ya kutuliza kwamba haiumi, ni kama kuumwa na siafu tu, na kila niliposema hivyo nilikuwa nikilikumbuka lile shamba la mihogo.

Waliotuokoa, au ndivyo nilivyodhani, ni akina mama wa kanisa la dada. Kiongozi wao alikuwa mama mnene mwenye sauti ya mamlaka, aliyeuza samaki sokoni maisha yake yote kisha akastaafu na kuhamishia nguvu zote kanisani. Alinipigia Jumatano asubuhi, akaniambia nisihangaike tena. Akina mama wanane watafika kesho. Nilifurahi mpaka nikasimama kwenye dirisha la ofisi ya walimu na kucheka peke yangu.

Na kwa sababu nilikuwa nimefurahi, nikafanya jambo ambalo wenyeviti hufanya wakifurahi. Niliandika ujumbe mrefu kwenye kundi. Nikawashukuru akina mama, nikamshukuru Mungu, nikaikumbusha familia kwamba kesho ndiyo kesho. Halafu ujumbe ukaonekana kama umepungukiwa na uzito, kwa hiyo nikaongeza kwamba nawaomba wapendwa wote tuingie katika kufunga na kuomba kuanzia saa hiyo mpaka dada atoke salama chumba cha upasuaji. Amina zikamiminika. Niliziona, nikaridhika, nikaenda kula chakula cha mchana.

Alhamisi saa tatu na nusu nilikuwa kwenye lango la hospitali, shati limepigwa pasi, daftari mkononi. Akina mama wanane waliteremka kwa mstari, vitambaa vyeupe kichwani, wakiimba kwa sauti ya chini. Nusu yao walikuwa hawanijui. Nikawaongoza mpaka chumba cha kutolea damu, nyuma ya maabara, nikagonga mlango kama mtu aliyeleta mzigo kamili.

Aliyetupokea alikuwa bwana wa makamo, mtaratibu, mwenye koti jeupe na kalamu tatu mfukoni. Alitukaribisha vizuri, akatusifu kwa kuja wengi, akaanza kueleza. Swali lake la kwanza lilikuwa kama tumelala vizuri. Tulikuwa tumelala vizuri. La pili lilikuwa kama tumekula.

"Hapana," kiongozi akajibu, kwa fahari. "Hakuna mtu amekula. Tuko kwa mfungo tangu jana saa sita. Hata maji."

Yule bwana aliweka kalamu chini. Akawatazama mmoja baada ya mwingine, wote wanane. Kisha akaeleza polepole, bila kumkosea mtu heshima, kwamba mwenye njaa hawezi kutolewa damu. Ataanguka pale pale, na badala ya mgonjwa mmoja tutakuwa na tisa. Akauliza ni nani aliyetuambia tufunge.

Vitambaa vinane vyeupe viligeuka upande wangu.

Nimewahi kuaibika maishani. Nimewahi kusoma wasifu wa marehemu na kumtaja marehemu mwingine. Lakini aibu ya siku ile ilikuwa na hofu ndani yake, kwa sababu niliitazama saa ya ukutani na nikaona kwamba kwa ujumbe mmoja wa kujipamba ningeweza kuwa nimemnyang'anya dada yangu nafasi yake. Wala sikuwa nimeukumbuka ujumbe huo tangu nilipoutuma. Nilianza kusema jambo kuhusu imani. Kiongozi wa akina mama alinikata.

"Mwenyekiti," akasema, "na wewe umefunga?"

Ukweli ni kwamba asubuhi ile nilikuwa nimekula chapati tatu na maharagwe, nikateremsha kwa chai ya maziwa, kisha mke wangu alipogeuka nikamalizia kipande cha mbuta kilichobaki jana yake. Ningeweza kudanganya. Nilifikiria kudanganya, naapa, kwa muda unaotosha kuvuta pumzi moja. Lakini kulikuwa na mafuta kwenye mkono wa shati langu, na yule mama alikuwa ameuza samaki miaka yote hiyo; alijua mafuta ya samaki akiyaona.

"Nimekula," nikasema.

"Vizuri," akasema yule bwana wa koti, akavuta kiti. "Basi tuanze na wewe, Mwalimu."

Akina mama, huku nyuma, walikuwa na shida yao. Wawili walisema mfungo uliotangazwa mbele ya Mungu hauvunjwi katikati, na maombi ya dada yatavuja. Wengine walisema dada mwenyewe ndiye anayevuja. Mjadala ungeweza kufika saa sita wenyewe bila msaada wa mtu. Kiongozi akainua mkono, akafumba macho, akasali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia kutoka kwa mtu wa kanisa lile, akafungua macho, akasema Mungu ameelewa, twendeni tukale. Wakatoka kwa mstari ule ule. Ng'ambo ya barabara kuna vibanda vya chakula, na baadaye niliambiwa kwamba mwenye kibanda cha kwanza alipowaona wakija wanane kwa mpigo saa nne asubuhi, wakaagiza ugali, sukuma na samaki, alidhani kuna mtu amekufa.

Mimi nikabaki na kiti. Kilikuwa kile cha kulala nusu, cha rangi ya kijani. Niliulizwa maswali mengi, nikapimwa uzito na presha, nikadungwa kidole, na kidole tu kilinitoa jasho. Yule bwana akaona. Nadhani huona watu kama mimi kila siku. Hakunicheka. Aliniuliza nafundisha somo gani, nikamwambia hesabu, akaniambia basi nimtajie namba tasa kutoka moja kwenda juu, taratibu. Nilimwambia moja si namba tasa. Nikaanza na mbili. Nilipofika kumi na tisa sindano ilikuwa ndani na mimi nilikuwa nikitazama dari kwa bidii kubwa. Iliuma. Ile habari ya siafu ni uongo niliowaambia watu sitini. Iliuma kidogo zaidi ya siafu na pungufu sana ya vile nilivyoogopa kwa miaka arobaini.

Nikiwa pale nafinya mpira mdogo mkononi, nilimwuliza kama mfuko wangu utampata dada moja kwa moja au utapitia friji kwanza. Nilikuwa nimeshaanza kujisikia mtu muhimu. Akaniambia hautampata kabisa. Damu ya leo lazima ipimwe kwanza, na vipimo huchukua muda. Atakayeipata ni mtu mwingine, siku nyingine, huenda mama aliyejifungua, huenda mtoto mwenye malaria kali, huenda mtu wa ajali ya barabara. Dada atapewa ile iliyoko tayari. Nikauliza hiyo iliyoko tayari ni ya nani. Akasema hilo halimo popote kwenye karatasi zake. Anachojua ni kwamba mifuko ile mitatu ilitoka kwa hema lililowekwa mjini juma lililopita, kwa ajili ya yeyote anayepita na kutaka. Wale hawakuwa na mgonjwa. Walikuwa wakienda zao, wakaona hema, wakaingia.

Nikiri kwamba niliudhika kidogo. Nilikuwa nimeshatunga kichwani hotuba ya kumwambia dada, na hotuba hiyo ilikuwa na maneno "damu yangu" mara mbili. Kisha nikawaza juu ya watu wale watatu. Mimi nilihitaji dada mahututi, kamati ya watu sitini, aibu mbele ya kanisa na namba tasa ili nikae kwenye kiti kile. Wao waliingia tu. Niliona macho yakinilowa, nikasingizia sindano.

Akina mama walirudi saa tano kasoro, wameshiba, wamenyamaza. Mmoja alikutwa na presha ya juu. Mwingine alikuwa ametoka kumaliza dawa za malaria. Wa tatu alikuwa ananyonyesha, wa nne uzito haukutosha ingawa alijaribu kupanda mizani na mkoba wake. Kiongozi mwenyewe alikataliwa kwa sababu ya umri, na hakuna siku nimeona mtu akikasirika vile kwa kuambiwa apumzike. Nikawa nahesabu kwa vidole, na vidole vilikuwa vinakwisha. Nilipoitazama saa ilikuwa tano na dakika kumi na tano, na mfuko ulikuwa mmoja tu, wangu. Sikuwa mwenyekiti wa chochote wakati ule. Nilikuwa kaka wa mtu, nimekaa kwenye benchi na pamba kwenye mkono, nikiomba kwa nguvu nisizojua ninazo.

Wa sita akapita. Wa saba akapita. Saa tano na dakika hamsini yule bwana alipiga simu juu kwa daktari, akasema mitatu imetimia, nikamwona akiandika na kuweka muhuri. Sijawahi kupenda sauti ya muhuri namna ile.

Mama wa nane alikuwa bado amesimama mlangoni. Alikuwa mdogo wa umbo, mkimya, anayeuza omena kwa kopo, na sidhani kuna mtu aliyekuwa amemsemesha tangu asubuhi. Yule bwana alimwambia kwa upole kwamba hesabu yetu imekamilika, anaweza kwenda.

"Kwani hiyo friji imejaa?" mama akauliza.

"Haijajaa, Mama."

"Basi si nimekula."

Akapanda kwenye kiti, akanyoosha mkono, akageuza uso ukutani.

Dada aliingia chumba cha upasuaji saa nane na akatoka kabla ya saa kumi na moja. Daktari alikuja kutuona akiwa amechoka lakini akitabasamu, akasema mambo yameenda vizuri, damu itahitajika yote. Aliyarudia maneno hayo, yote, kisha akaenda zake kunawa. Nilikaa chini kwenye ngazi za nje na kulia waziwazi, na mke wangu akanishika bega mpaka nilipomaliza. Halafu akaniuliza kuhusu kile kipande cha mbuta.

Ijumaa asubuhi waliniruhusu kuingia wodini. Mfuko wa tatu ulikuwa unamalizikia, umeninginia juu ya kitanda, na midomo ya dada ilikuwa imeanza kurudi rangi ya watu. Ilikuwa kazi nyepesi sana kumtazama. Alinitazama pia, akauona mkono wangu na kile kipande cha plasta ambacho sikuwa nimekitoa, kwa makusudi, lazima niseme. Uso wake ukabadilika. Akainua kidole kuelekea ule mfuko.

"Owadwa," akasema, yaani kaka yangu. "Hii ni yako? Wewe na hiyo woga yako yote?"

Kumbe siku zote alijua kuhusu sindano. Alinishika mkono na akaanza kunishukuru, yeye ambaye hashukuru mtu hata akiokolewa majini, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta. Ilikuwa hotuba yangu ile ile, ila ilikuwa inatoka kwake. Ningenyamaza tu ingekuwa yangu milele. Nilitamani sana kunyamaza.

"Si yangu, nyaminwa," nikamwambia, yaani dada yangu. "Yangu ilienda kwa friji. Itapewa mtu mwingine."

"Sasa hii ni ya nani?"

"Hakuna mtu anajua. Iko na namba tu."

"Alikuwa na mgonjwa hapa, huyo mtu?"

"Hakuwa na mgonjwa. Alikuwa anapita, akaingia akatoa."

Aliutazama mfuko, tone likashuka, na jingine.

"Yaani ni mtu wa hapa hapa Kisumu," akasema.

"Hapa hapa."

"Na siwezi kumjua hata nikikutana na yeye njiani."

"Huwezi."

"Basi itabidi nisalimie kila mtu vizuri."

Nilicheka kwa nguvu mpaka muuguzi akanitazama vibaya. Nilidhani ni dawa za usingizi zinazosema.

Sasa ni miaka miwili. Kila baada ya miezi mitatu nakwenda kwa yule bwana wa kalamu tatu, bila kamati, na nataja namba tasa. Nimefika tisini na saba. Bado siangalii. Na juzi, jioni moja ya jua, nilikwenda Mamboleo kumchukua dada tukamwone shangazi. Kutoka kwenye cherehani yake hadi barabarani ni hatua chache, na tulichukua karibu nusu saa. Alimsalimia muuza mitumba na kumuuliza habari za watoto, mmoja mmoja. Akasimama kwa waosha magari, matope na yote, akawapa pole ya jua. Akaingia mpaka ndani ya lile duka la simu, na muziki ulikuwa juu vile vile. Mimi nilisimama nikitazama saa, lakini sikumwambia tuheshimu muda.

Karibu na barabara mwanamume mmoja alikuwa ameketi juu ya gunia akila mahindi ya kuchoma, mgeni kabisa, vumbi la safari bado liko kwenye viatu vyake. Dada alimwendea, akamnyooshea mkono, akamuuliza ameshindaje, na akangoja jibu. Yule mtu alihamishia mahindi mkono wa kushoto, akamsalimia, akamtazama sana usoni.

"Mama, tunajuana?"

"Sijui," dada akasema, bado amemshika mkono. "Labda."